Msiba wa Mufulira Ulioliliwa Nyamongo

Mwansa alipofika Nyamongo, kila aliyemtajia jina lake alimuuliza anatoka upande gani wa Mwanza. Naye, kwa Kiswahili chake kilichokuwa bado kichanga, alieleza kwamba Mwansa ni jina tu, kwamba yeye ni mtu wa Zambia, wa mji unaoitwa Mufulira. Watu walitikisa kichwa kwa adabu, na kesho yake wakamwita tena yule mama wa Mwanza. Mwisho akachoka kubishana, akawa anaitika.

Aliyemleta ni mumewe, Bwalya. Kampuni moja ya uchimbaji ilikuwa imempa mkataba wa kuwafundisha vijana wa hapo kuendesha mashine za kutoboa miamba chini ya ardhi, kazi aliyoifanya kwenye migodi ya shaba ya kwao tangu ujanani, kama baba yake. Mwansa alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Aliacha kazi, akafunga nyumba, akaagana na mama yake kituo cha mabasi, akamfuata mume.

Miezi ya kwanza ilimtesa. Walipangishiwa nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma kando ya barabara kubwa, na Bwalya aliondoka kabla jua halijachomoza akarudi likiwa limezama. Kibali cha Mwansa hakikumruhusu kufundisha. Alibaki ndani na televisheni inayosema lugha asiyoielewa, nje pikipiki zikipishana na kupiga honi kutwa nzima, vumbi likiingia hata madirisha yakifungwa. Alipika chakula kingi kuliko wanachoweza kula watu wawili, kwa sababu hakuzoea sufuria ndogo. Kitu kimoja tu kilifanana na kwao. Miamba ilipolipuliwa mgodini, vioo vilitetemeka na chai ikachezacheza kikombeni. Wageni wengine walishtuka, lakini Mwansa alitulia. Mufulira nayo ilitetemeka hivyohivyo tangu azaliwe.

Kila Jumapili baada ya misa alimpigia mama yake.

"Unakula nini huko?" mama aliuliza kila mara, kana kwamba mwanawe amepelekwa jangwani.

"Ugali, mama. Wana ugali, ila wao wanachanganya muhogo na mtama. Ni mweusi kidogo."

"Na unashiba?"

"Nashiba."

Akikata simu alikuwa analia bafuni, Bwalya asimsikie. Hakujua kwamba Bwalya naye, siku zake za mapumziko, alikaa nyuma ya nyumba na simu sikioni akisikiliza mpira wa kwao unaotangazwa kwa Kibemba, na kwamba mara nyingi hakujua hata nani amefunga. Alitaka tu kuisikia ile sauti ya mtangazaji.

Mambo yalianza kugeuka sokoni. Siku hiyo Mwansa alitaka kununua kuku, na neno likamtoroka. Alisimama mbele ya matenga akinyoosha kidole, akasema kwa lugha yake, "Inkoko. Nataka inkoko." Muuzaji akaanza kucheka. Mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa ameketi pembeni na mikungu yake ya ndizi akainua uso.

"Unacheka nini? Anataka ingoko. Mpe ingoko."

Mwansa aligeuka kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Yule mama alikuwa Mkurya, na kwa Kikurya chake kuku ni ingoko. Palepale, kuku akisubiri kufungwa miguu, wawili hao wakaanza kupimana maneno. Ng'ombe? Wote walisema ing'ombe. Baba? Wote walisema tata. Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe wewe ni Mkurya uliyepotea njia," alisema. "Mimi naitwa Wegesa. Unakaa wapi?"

Wegesa na mumewe, Mzee Ryoba, walikuwa na mji wao, boma la nyumba kadhaa, njiani kuelekea Kemambo, mahali ambapo kelele za pikipiki zinafika zikiwa zimechoka. Ndani ya mji huo kulikuwa na nyumba ya bati ya kupangisha, na mpangaji alikuwa amehama. Wenzake Bwalya wa kazini walimshangaa kuacha ukuta na mlinzi akaishi katikati ya migomba na ng'ombe wa watu. Bwalya mwenyewe alisitasita. Lakini alipomwona mkewe akitoka kuangalia ile nyumba, anatembea kama anavyotembea akiwa kwao, hakuuliza tena.

Hapo ndipo Mwansa alipoanza kuishi. Jirani yao wa karibu alikuwa Susana Adero, Mjaluo mwenye meza ya dagaa sokoni na dada zake watatu ng'ambo ya mpaka, Migori. Kiswahili cha Susana kilikuwa kimechovywa kidogo Kenya na kidogo Kijaluo, na ndicho Mwansa alichojifunza, mpaka Bwalya akawa anamtania kwamba anazungumza kama mtu wa Sirari, pale mpakani. Susana alikuwa pia mwenyekiti wa jumuiya yao ya Kikatoliki, akamwingiza humo bila kumuuliza. Mwansa naye akawapikia majani ya maboga kwa karanga za kusaga, kama wanavyopika kwao, na Mzee Ryoba, ambaye watu walisema hajali chakula chochote kisicho na nyama, alirudisha sahani aongezwe, akitazama pembeni.

Kwao alipakumbuka bado. Kuna siku harufu ya mvua ilimrudisha Mufulira ghafla, akalazimika kuketi. Lakini sasa akiketi, palikuwa na mtu wa kumuuliza amekuwaje.

Mwaka wa pili akajifungua mtoto wa kike, kwa upasuaji, baada ya uchungu wa muda mrefu. Wegesa ndiye aliyelala hospitali naye. Mama yake Mwansa alimpa mtoto jina kwa simu, Natasha, na jumuiya nzima ikashangaa jina hilo la Kizungu limetoka wapi. Mwansa akawaeleza kwamba si la Kizungu hata kidogo. Kwa Kibemba natasha ni neno la kushukuru.

"Mimi nakuja," mama alisema kwenye simu. "Nimeshachukua pasipoti. Picha yangu imetoka vibaya, lakini nakuja. Mvua zikipungua tu."

Hakuja. Alhamisi moja asubuhi, Natasha akiwa bado mchanga asiyekaza shingo, simu ya Mwansa ililia, na aliyepiga alikuwa kaka yake, Kangwa, mtu asiyekuwa na desturi ya kupiga asubuhi.

"Dada, kaa chini," alisema.

"Nimekaa."

"Mama alikuwa anapanga nyanya zake sokoni. Akasema kichwa kinamuuma, akaketi. Hakuinuka tena."

Wegesa alikuwa jikoni kwake akikoroga uji aliposikia Mwansa akipiga ukelele. Alikuja mbio mwiko ukiwa bado mkononi, akamkuta Mwansa ameinama juu ya kitanda, mtoto analia pembeni. Aliweka mwiko chini, akambeba Natasha kifuani, na mkono wa pili akamshika Mwansa mgongoni, akakaa hivyo mpaka Mwansa alipopata maneno ya kusema kilichotokea.

Bwalya alirudi kutoka mgodini mchana, matope yakiwa bado kwenye viatu.

"Tunaondoka wote," alisema. "Nimeshaomba ruhusa."

"Natasha hana hati ya kusafiria," Mwansa alimjibu. Alikuwa ameshalia mpaka sauti imebaki nyembamba. "Na mimi mshono haujafunga vizuri. Daktari alisema nisikae garini hata safari ya Mwanza. Nimeshawaza yote, Bwalya. Siwezi."

"Basi nabaki na wewe."

"Ubaki, mama azikwe hakuna mkwe?"

Bwalya aliinama akavua viatu vyake. Kwao, mkwe ana kazi zake kwenye msiba wa mama mkwe, na asipoonekana, husemwa mpaka kwa wajukuu.

"Nikuache peke yako na huu msiba?" aliuliza hatimaye.

"Lazima mtu mmoja aweke udongo kwa niaba yangu. Nataka uwe wewe."

Kesho yake kulipopambazuka gari la kumpeleka Bwalya Mwanza kupanda ndege lilikuja. Wegesa alimsindikiza mpaka barabarani, amevaa kanga mabegani.

"Nenda, tata," alimwambia. "Mzike mama yetu vizuri."

Bwalya aliyasikia hayo maneno mawili, mama yetu, na aliyabeba njia nzima.

Mwansa alipobaki aliamua kulia kimyakimya. Alijisemea kwamba yeye ni mpangaji tu. Msiba wa mtu ambaye hakuna anayemjua, usio na mwili wala kaburi, angeuletaje kwenye mji wa watu? Wengine wangeona ni mkosi. Alifunga mlango, akavuta pazia, akalala na mtoto kifuani akitazama ukuta.

Jua lilipopanda alisikia watu uani. Kwanza sauti za wanaume, kisha kitu kizito kikitupwa chini, kisha nguzo zikigongwa ardhini. Alidhani kuna jambo kwenye ukoo wa Mzee Ryoba. Alijifunga kitenge, akatoka kuangalia kama anaweza kusaidia.

Uani palikuwa na turubai la bluu ambalo wanaume wanne walikuwa wanalifunga kwenye nguzo. Kuni zilikuwa zimeshushwa rundo zima. Susana alikuwa anapanga sufuria kubwa za jumuiya, zile zinazotoka kanisani tu kwa harusi na misiba, na wanawake wengine walikuwa wanaingia na madumu ya maji kichwani.

"Susana," Mwansa aliita kwa hofu. "Nani amefariki?"

Susana alisimama, akamtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Si ni mama yako?" alisema.

Mwansa alishika mwimo wa mlango. Susana akaacha sufuria, akamwendea, akamkumbatia. "Mos, nyamera," alimwambia kwa Kijaluo, akimpa pole na kumwita dada. "Mos. Rudi ndani ukae. Leo wewe hufanyi kazi yoyote. Tunakuja kutoa hivyo viti, tutandike mikeka."

Kumbe kabla ya turubai kusimama kulikuwa kumezuka ubishi. Mwansa aliusikia baadaye kwa Wegesa. Mdogo wake Mzee Ryoba, aitwaye Nashoni, mtu wa kijiji cha Itiryo anayeheshimu desturi kuliko usingizi wake, alikuwa amelala hapo usiku huo kwa shughuli zake. Alipoona nguzo zinatolewa stoo aliuliza kuna nini, na alipoelezwa alikataa.

"Msiba una mwili na una kaburi," alisema Nashoni. "Kaburi la huu liko wapi?"

"Aliyefiwa yuko wapi?" Mzee Ryoba alimuuliza.

"Yuko humo ndani."

"Basi na msiba uko humo ndani. Shika hiyo kamba."

Nashoni alishika kamba, lakini uso wake haukukubali.

Siku zile mji haukukaa mtupu. Wanawake waliketi na Mwansa kwenye mikeka, wengine anawajua, wengine hajawahi kuwaona. Wake wa wachimbaji, mama wa mashine ya kusaga, walimu wa shule ya jirani waliosikia kwamba mwenzao amefiwa. Wanaume walikaa nje kwenye moto. Kuna mama alitoka Kemambo kwa miguu na debe la viazi vitamu, akaketi, akalia sana, akaondoka bila kutaja jina. Mwansa aliuliza yule ni nani. Wegesa alisema hata yeye hamfahamu vizuri, ila mama wa mtu amefariki, na yule naye ana mama.

"Kwenu mnafanyaje?" Wegesa alimuuliza jioni ya kwanza. "Tusije tukakosea mambo ya mama yako."

"Kwetu wanawake wanaimba," alisema Mwansa. "Hawaachi kuimba. Mmoja akichoka mwingine anapokea."

"Hilo tu? Hilo tunaliweza."

Wakaimba. Kulikuwa na nyimbo za kanisa ambazo sauti yake ni moja dunia nzima, na wao waliziimba kwa Kiswahili, kwa Kijaluo na kwa Kikurya, na Mwansa akaziimba kwa Kibemba katikati yao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka kuimba kwa lugha yake kwa sauti kubwa mbele za watu, na hakuona haya.

Mazishi yalipangwa Jumatatu. Kangwa alikuwa amesema atapiga simu ya picha, Mwansa aone. Lakini mvua ya Jumapili iliharibu mtandao, na pale mjini kwa Mzee Ryoba simu ikawa inaonyesha alama kisha inaifuta. Mwansa alizunguka na simu juu ya kichwa mpaka Wegesa akamnyang'anya.

"Utafungua mshono. Ryoba, mtandao unapatikana wapi?"

Mzee Ryoba alisema juu kilimani, kwenye malisho upande wa Kemambo. Wachunga ng'ombe wake hawakosi kupiga simu kule. Kupanda kwa miguu Mwansa hangeweza. Susana akaenda barabarani, akarudi ameketi mbele kwenye pikapu ya Hezekia, kijana anayemletea dagaa kutoka ziwani. Wakatandika godoro nyuma, wakampandisha Mwansa na mtoto na Wegesa na wanawake wengine kadiri gari lilivyoweza, na waliobaki wakapita njia ya mkato. Gari lote lilinuka dagaa. Hezekia aliliendesha polepole kuliko mtu anayetembea, akilikwepesha kila jiwe, akitoa kichwa dirishani kuuliza, "Mama Natasha, iko sawa?"

Walipofika juu mtandao ulikuwepo, ila simu haikupigwa. Walingoja. Baadaye Mwansa ndiye aliyekumbuka kwamba saa za Zambia ziko nyuma ya za huku. Walikuwa wamewahi. Basi watu wakakaa kwenye majani, ng'ombe wakila pembeni, milima ya mawe ya mgodi ikionekana kwa mbali, na mwalimu mmoja akasema, "Tuambie basi. Mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwansa hakuwa amejiandaa. Alianza kwa kusitasita. Alisema mama yake alikuwa mfupi na alikuwa anapenda kucheka kanisani mahali pasipostahili. Alisema baba alipopunguzwa kazi mgodini, wakati shaba imeshuka bei, mama hakulaumu mtu. Kesho yake asubuhi aliwasha jiko akaanza kukaanga vitumbua vya kuuza langoni mwa mgodi, na watoto wote watano walisomeshwa na vitumbua hivyo.

"Ngoja," alisema Susana. "Huko nako mnasema vitumbua?"

"Vitumbua. Hivyohivyo."

"Na vinakaangwa kwa mafuta?"

"Kwa mafuta, Susana. Vingekaangwa kwa maji?"

Watu wakacheka, na Mwansa akacheka nao, machozi yakimtiririka. Akaendelea, na maneno sasa yakawa yanakuja yenyewe. Alipomaliza, yule mama wa Mufulira alikuwa ameshakuwa mtu wa kweli kwa kila aliyekuwa pale. Mzee Ryoba alikohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanamke wa namna hiyo wangemtolea mahari ya ng'ombe wengi.

Simu ikaita. Kwenye kioo alionekana Kangwa, kisha umati, kisha jeneza. Wegesa alimshikia Mwansa simu kwa sababu alikuwa amempakata mtoto. Padri alisema maneno yake. Jeneza likashushwa. Ndipo alipoonekana Bwalya, amevaa suti ya kuazima isiyomtosha mabegani, akainama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akautupa. Akachota tena kwa mkono uleule, akatazama kwenye simu, akautupa wa pili. Mwansa alijua ule wa pili ni wake.

Kisha Nashoni, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote tangu walipofika, alivua kofia. Akainama taratibu, akachota udongo wa pale malishoni, akauachia uanguke juu ya majani mbele yake. Mzee Ryoba akafuata. Susana akafuata, na Hezekia, na walimu, kila mtu akachota kidogo akaachia. Mwansa aliwatazama mmoja mmoja. Baadaye alimwambia mumewe kwamba wakati huo ndipo moyo wake ulipokubali kwamba mama amezikwa, na kwamba yeye, binti yake, alikuwepo.

Kule Mufulira watu walikuwa wameanza kuuliza. Mjomba wake Mwansa, Mzee Kasonde, mkubwa wa ukoo, alichukua simu akaisogeza karibu na uso mpaka likabaki jicho moja.

"Mwansa," alisema kwa Kibemba, "ni watu gani hao wengi? Mume wako ametuambia umebaki peke yako."

"Ni majirani, mjomba."

"Wote hao?"

Mzee Ryoba aliomba simu. Alisimama wima kana kwamba anahutubia mkutano. "Mwambie mzee," alisema, "mimi ni Ryoba. Mwambie binti yake yuko kwangu. Analala, anakula, na mtoto ananyonya. Mwambie tumelia naye, na hatujachoka."

Mwansa alitafsiri. Mzee Kasonde aliisogeza simu mbali na uso kidogo. Kisha akajibu kwamba yeye hana la kumlipa mtu aliye mbali hivyo, ila leo usiku, wakati wa sala, jina la Ryoba litatajwa mbele ya ukoo mzima. Alilitamka Lyoba. Mzee Ryoba alipotafsiriwa aliinamisha kichwa, na mtandao ukakata.

Matanga yalipoondoshwa, turubai likakunjwa na sufuria zikarudi kanisani. Bwalya alirudi wiki iliyofuata, amekonda kidogo. Mwansa alimsimulia yote kwa siku kadhaa, vipandevipande, mengine akiyarudia, na Bwalya hakumkatiza hata mara moja. Aliposikia habari ya pikapu ya dagaa alicheka. Aliposikia habari ya udongo alitoka nje akakaa kwenye kiti peke yake.

"Twende tukawashukuru," alisema aliporudi ndani. "Nyumba moja moja. Hata ikichukua mwezi."

Mshono ulipopona wakaanza. Mwansa alibeba Natasha mgongoni, Bwalya alibeba sukari na vitenge alivyokuja navyo, na walipita kwa Susana, kwa Hezekia, kwa walimu, kwa mama wa mashine. Kila mahali waliambiwa kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwamba msiba haushukuriwi, na kila mahali hawakuruhusiwa kuondoka bila kula. Wegesa alijifunga kitenge chake siku hiyohiyo, akavuka nacho uani mara nyingi bila sababu yoyote. Yule mama wa viazi vitamu walimtafuta Kemambo yote wasimpate. Mwansa aliumia kwa hilo, na mpaka leo akienda huko anatazama nyuso za watu.

Mwisho wakafika Itiryo kwa Nashoni. Mzee aliwakaribisha kwa heshima, akapokea sukari kwa mikono miwili, akawaketisha. Alimuuliza Bwalya mambo mengi ya mazishi. Kaburi limechimbwa upande gani, nani alitangulia kuingia nyumbani, mkwe alipewa kazi gani. Bwalya alijibu yote kwa Kiswahili chake cha mgodini, na mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ugali ulipokuja na nyama, mzee hakuanza kula. Alionekana ana neno.

"Mama Natasha," alisema, "siku ile kilimani Ryoba alizungumza na mjomba wako."

"Ndiyo, baba."

"Alizungumza peke yake. Kisha mtandao ukakata. Mimi sikupewa nafasi."

Mwansa na Bwalya walitazamana.

"Baba, unataka kumsalimia?"

"Kama yupo."

Mwansa akapiga. Mzee Kasonde alipokea haraka, sauti kubwa kama kawaida yake, na Nashoni akaishika simu mbele ya mdomo kama kikombe. Akamsalimia kwa Kikurya. Kasonde akamsalimia kwa Kibemba. Nashoni akamuuliza habari za mvua. Mwansa alifungua mdomo atafsiri, lakini Kasonde alikuwa ameshaanza kujibu, kwa kirefu, kuhusu kitu kingine kabisa, nyanya za marehemu na nani atalima shamba lake. Nashoni alisikiliza kwa makini, akiitikia kila baada ya maneno machache, kisha akaanza kueleza habari za ng'ombe wake wawili waliougua. Mwansa alijaribu tena kuingia katikati, na Nashoni akampungia mkono anyamaze.

"Tunaelewana," alisema.

Bwalya alikuwa amefunika uso kwa kiganja, mabega yakimcheza. Mke wa Nashoni alimtengea Mwansa kipande kikubwa cha nyama, akampokea mtoto ili ale vizuri. Mwansa alinawa, akamega ugali, akala, huku wazee wawili wakiendelea kupigiana kelele, mpaka salio likaisha.